Papa Ruphin Kabange: Miaka 37 ya Kusikiliza Motere kwa Meno

Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, saa kumi alasiri, Papa Ruphin Kabange Mukalay ataweka chini ufunguo wake wa nati baada ya miaka thelathini na saba ya kazi katika Garage Tujikaze, hapa Likasi, barabara ya Kamatanda. Aliingia Februari 1988 akiwa na suruali moja, nywele nyingi na meno yote. Suruali ilipasuka mwaka uleule. Nywele ziliondoka polepole, bila kuaga. Habari ya meno itafuata, maana bila meno hayo karatasi hii isingekuwa na la kusema.

Kamati ya sherehe iliomba wasifu mfupi, wa heshima, usio na matusi. Matusi hayamo.

Papa Ruphin alizaliwa mwaka 1960. Alisoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya msingi, na mpaka leo anahesabu kwa vidole mbele ya wateja ili waone hawaibiwi. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi miaka sita kwenye mashine ya kuponda mawe ya shaba. Mashine hiyo ilikuwa inapiga kelele mchana kutwa, na kinga ya masikio ilikuwa pamba ambayo mke wake, Mama Mwadi, alikuwa akichomoa kidogo kidogo kwenye godoro lao. Mwaka wa sita godoro liliisha, na yeye akaacha kazi. Wote tulidhani mambo hayo mawili hayahusiani na motere za magari. Tulikosea, na tulikosea muda mrefu.

Alipokelewa na marehemu Papa Eugène, mwanzilishi wa garage na baba wa chef wetu wa sasa, mkuu wa garage, Germain. Mwaka wa kwanza aliosha vyuma kwa petroli. Mwaka wa pili aliruhusiwa kugusa breki. Mwaka wa tatu aliruhusiwa kufungua motere, na mwaka wa nne alianza kutuambia sisi tuliomtangulia kwamba tunafungua vibaya.

Kazi zake zinajulikana. Aliwahi kuziba tangi la mafuta lililotoboka kwa kipande cha sabuni ya kufulia, na lori likafika Lubumbashi na mzigo wote, likinukia vizuri. Mwaka 2009, siku ya arusi ya binti yake Suzanne, gari la bibi-arusi lilianza kugonga mbele ya kanisa. Papa Ruphin alivua koti, akaingiza kichwa chini ya boneti, na baada ya robo saa gari lilinyamaza. Koti lilipona. Shati halikupona, na liko hivyo katika picha zote za arusi, katikati kabisa, maana alikataa kusimama pembeni.

Jambo lililomfanya awe na jina mjini ni turnevisi yake, yaani bisibisi. Ni turnevisi ndefu kama mkono, yenye mshikio wa mbao. Mafundi wengine wakitaka kusikiliza motere huweka ncha ya turnevisi juu ya chuma na mshikio kwenye sikio. Papa Ruphin aliuma mshikio kwa meno ya mbele, akafumba macho, akakaa hivyo kama mtu anayenyonya muwa. Kisha aliondoa turnevisi, akafuta mate, akataja ugonjwa. Hakukosea. Watu walitoka mpaka Buluo kuja kumwona akiuma gari. Tulimuuliza kwa nini asitumie sikio kama Wakristo wengine. Alijibu: "Sikio njo ya habari ya batu. Chuma inasemaka na meno." Tukacheka, tukarudi kazini.

Sasa ni lazima kueleza pusuari, kwa ajili ya wageni watakaokuja kwa chakula tu. Motere ina milango midogo inayofunguka na kufunga, inaitwa supape. Kila supape ina pusuari yake, kikopo cha chuma chenye ukubwa wa kidole gumba. Kikopo kinasukuma fimbo, fimbo inasukuma mkono mdogo, mkono unafungua supape. Katika magari mengine, pusuari hizo zinajaa mafuta ndani, na mafuta yanaziba nafasi yenyewe, ndiyo maana motere inakwenda bila kugonga. Kazi ya fundi ni ndogo: anashika fimbo kwa vidole viwili, anakaza nati ya ule mkono mdogo mpaka fimbo iache kuchezacheza juu na chini, anaongeza nusu mzunguko, anaacha. Akilegeza mno, motere inapiga ta-ta-ta. Akikaza mno, supape haifungi tena, na motere haiwaki. Nusu mzunguko, basi. Papa Ruphin amewafundisha wengi jambo hilo, na kila mtu alipigwa kofi moja alipofika robo ya tatu.

Jambo la pili la kueleza ni mlango wetu. Anayeingia Garage Tujikaze anaona majina kwenye mlango mkubwa wa chuma. Jina la Papa Eugène limeunganishwa kwa vipande vya mnyororo, la Papa Adrien, fundi wa zamani, kwa gololi za beringi. Aliyetunga kanuni ni Eugène mwenyewe: fundi anayestaafu jina lake linapanda mlangoni, lakini kama siku ya kuondoka kuna gari uani ambalo limekufa chini ya mkono wake, jina halipandi. Hakuna rufaa. Mzee Guy alitufanyia kazi miaka ishirini na miwili, na siku yake ya mwisho lori alilolifungua lilikuwa bado halijawaka. Guy hayuko mlangoni. Lori bado liko uani. Kuku wa mpishi wetu, Mama Blandine, wanalala ndani yake, na kila Krismasi Guy anapita kulisalimia.

Papa Ruphin hakuwa na wasiwasi wa mlango. Kwa miaka kumi alikuwa anachagua mahali. Alitaka juu ya kufuli, ili chef asifungue garage bila kumwona.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, meno yake manne ya mbele yalitolewa hospitalini. Yalikuwa yameoza, na daktari aliona ajabu kwamba yamechakaa kwa upande mmoja kama ya mnyama anayetafuna kamba. Papa Ruphin alikaa nyumbani siku tano, Mama Mwadi akampikia uji. Aliporudi, turnevisi ilibaki ukutani. Alituambia kwamba mtu wa miaka sitini na mitano hafai kuonekana mbele za watu na kitu mdomoni. Tuliona ni maneno ya hekima, na hiyo peke yake ingetutia mashaka, maana hekima hakuwa nayo kabla.

Kulikuwa na dalili nyingine, na zinaandikwa hapa ili tuone aibu pamoja. Miaka mitatu iliyopita alikuwa na redio kwenye meza yake ya kazi. Betri zilikwisha, na kwa majuma mawili aliendelea kuisifu. Kanisani alikaa mstari wa mbele na kuanza wimbo kabla ya padri kumaliza, na tulimpa sifa ya moyo wa haraka. Mtu akimtukana kwa nyuma hakugeuka, tukasema amekuwa mpole. Sisi ni watu tunaojisifu kwamba tunasikia beringi inayokufa kabla gari halijavuka daraja. Miaka thelathini na saba hakuna hata mmoja aliyesikia kwamba mwenzetu hasikii.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, Mama Bénie alileta pick-up yake. Mama Bénie anauza samaki wa ziwa la Tshangalele, na pick-up hiyo ya kiamerika ya silinda nane, iliyoachwa na wamisionari, ndiyo mguu wake na jiko lake. Ilikuwa inapiga ta-ta-ta mpaka majirani walijua saa ya yeye kutoka nyumbani. Alimwendea Papa Ruphin moja kwa moja: "Papa, kesho kutwa, siku ya ine asubui, bavuvi bananingojea ku Tshangalele. Habangojake mutu. Gari ikikawa, samaki itanunuliwa na bengine, na minye na batoto tutakula mafuta ya motere." Papa Ruphin alimtazama mdomo vizuri, akajibu: "Lala, mama. Itapita mbele ya nyumba yako na hautaisikia."

Orpha, ambaye ni fundi wetu tangu miaka kumi na minne na ndiye mwenye sikio zuri kuliko wote, alisimama nyuma yake akasema: "Papa, ni pusuari moja tu, ya tatu ku kushoto. Zile ingine kumi na tano acha vile." Papa Ruphin alikuwa ameinama chini ya boneti. Hakujibu. Akaanza na zote kumi na sita.

Alizikaza motere ikiwa imezimwa, na alifukuza watu, akisema mafuta yatawarukia. Sababu yenyewe tuliijua baadaye. Bila meno hakuwa na njia ya kujua kama motere inagonga au imenyamaza, na aliogopa kitu kimoja tu, kwamba ibaki kelele ambayo wengine wataisikia na yeye hapana. Basi aliongeza ile nusu ya kawaida. Akaongeza nusu ya pili ya kuondoa mashaka. Ya tatu aliiongeza kwa ajili ya chef, na ya nne kwa ajili ya Mungu. Mizunguko miwili mizima juu ya kila pusuari, mtu aliyewapiga wenzake makofi kwa robo.

Kelele iliondoka kweli. Mama Bénie aligeuza ufunguo, na motere ikazunguka haraka, nyepesi, bila kushika chochote, kama baiskeli iliyotoka mnyororo. Akajaribu tena. Ikazunguka tena. Papa Ruphin, aliyekuwa ameweka mkono juu ya boneti, aliuhisi mtetemo wa stata, akatabasamu na kuinua kidole gumba. Alidhani imewaka. Aliacha kutabasamu alipoona uso wa Mama Bénie.

Jumatano asubuhi chef Germain aliamuru pick-up isukumwe kando, karibu na lori la Guy. Kuku walitoka kuangalia jirani mpya. Germain si mtu mbaya, ila amerithi kanuni na garage siku moja, na hajui kutenganisha. Alisimama mbele ya Papa Ruphin na kumwambia: "Papa, mulango unaujua. Hii gari ikilala hapa mpaka siku yako ya mwisho, jina haitapanda. Hata kama minye mwenyewe natoka machozi." Machozi hayakuonekana, lakini sauti ilikuwa nzito.

Orpha alifungua mishumaa ya motere, yaani plagi, akaweka kidole gumba juu ya tundu, akamwambia mtu azungushe. Hakuna pumzi iliyotoka. Akajaribu la pili, la tatu. "Supape zote iko wazi," alisema, na fundi wa miaka kumi na minne anajua supape zote haziwi wazi kwa bahati mbaya. Papa Ruphin alikuwa amekaa juu ya tairi, mgongo kwetu. Orpha alimwita. Akamwita tena. Kisha akaokota kifuniko cha pipa na kukiachia kwenye saruji, kelele ambayo ilimfanya Mama Blandine aangushe sufuria jikoni. Papa Ruphin aliendelea kukwaruza udongo kwenye kiatu.

Orpha alizunguka mpaka mbele yake, akapiga magoti. Yaliyosemwa pale tumeyapata kwa Orpha, kwa ruhusa ya mwenyewe.

"Papa, tangu lini?"

"Mbele ya weye kuzaliwa. Ile mashine ya mawe."

"Na siye bote, miaka yote hii?"

"Ninyi munasemaka mingi. Naonaka mudomo, inatosha. Hata mingi naachaka."

"Mama Mwadi anajua?"

"Mwadi njo alinifundisha kusoma mudomo. Akitaka kunitukana anageukaka mugongo. Inamupumuzishaka."

Orpha alicheka, kisha hakucheka. Akamuuliza kwa nini hakusema. Papa Ruphin alionyesha motere zote uani kwa mkono mmoja, kutoka pick-up mpaka lori la kuku. "Fundi wa motere kiziwi," alisema. "Weye ungemuletea gari?"

Orpha hakumwambia ndiyo, na hapa tunamshukuru kwa kutodanganya. Alisimama, akapangusa magoti, akasema: "Leta vidole. Masikio nitakukopesha. Utanirudishia ukimaliza."

Ingewezekana kufanya kazi hiyo kimya kimya, saa ya chakula, watu wakiwa jikoni. Orpha mwenyewe alipendekeza hivyo. Papa Ruphin alikataa. Alisimama katikati ya ua, mbele ya chef, mbele ya Mama Bénie, mbele ya wateja wawili ambao hatukuwajua, na kusema kwa sauti ya mtu asiyejua sauti yake ina ukubwa gani: "Minye sisikiake. Ni zamani. Sasa nitatengeneza hii gari." Wateja wawili walitazamana. Mmoja aliangalia gari lake mwenyewe, lililokuwa limetoka mkononi mwa Ruphin juma lililopita na lilikuwa linakwenda vizuri kabisa.

Alilegeza nati zote kumi na sita. Akazungusha motere kwa ufunguo mkubwa, silinda moja moja, mpaka supape zake ziwe zimefungwa zote mbili. Akashika kila fimbo kwa gumba na shahada, akaichezesha juu na chini, akakaza taratibu, na pale mchezo ulipokwisha aliongeza nusu mzunguko na kuondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Tulinong'onezana, ingawa hata kelele isingemsumbua. Kumi na tano zilikwenda hivyo. Ile ya tatu ya kushoto, yenyewe iliyoleta kesi, aliiogopa. Akaiacha kabla mchezo haujakwisha.

Mama Bénie aligeuza ufunguo. Motere iliwaka mara ya kwanza. Ilitulia kidogo, halafu: ta-ta-ta. Moja tu, peke yake, kama jirani anayepiga msumari Jumapili.

Orpha alikuwa nyuma yake, mkono juu ya bega lake la kushoto. Makubaliano yalikuwa haya: kelele ikiwepo, anabana bega, ikiisha, anaachia. Alibana. Papa Ruphin aliweka ufunguo juu ya ile nati, motere ikinguruma, mafuta yakimrukia mpaka kwenye paji. Robo. Bega lilikuwa bado limebanwa. Akasubiri motere itulie. Robo nyingine. Bega bado. Akageuza tena, kidogo sana, chini ya robo, na mkono wa Orpha ukaondoka begani. Hapo ndipo alipoanza kuhesabu ile nusu yake, robo, akangoja, robo, akangoja, na tuliona wazi mkono wake wa kuume ukitaka kuongeza. Ulitaka sana. Akaukamata kwa mkono wa kushoto na kushuka kwenye bampa.

Alhamisi Mama Bénie alikwenda Tshangalele na kurudi. Alipita garage na beseni la samaki, akasimama mbele ya Papa Ruphin, akasema akifungua mdomo wote: "Papa, napita mbele ya nyumba na siisikie!" Papa Ruphin alimjibu: "Hata minye." Samaki waliliwa na garage nzima. Chef alikula wawili.

Ilibaki kesi ya mlango. Tulijadili siku nzima, na kazi ilisimama, jambo ambalo Germain hajalisamehe. Wengine walisema gari liliuawa na Ruphin, kwa hiyo kanuni imevunjika. Wengine walisema lilifufuliwa na Ruphin, kwa hiyo imeungika tena. Mmoja, asiyefaa kutajwa, alisema masikio ya kukopa hayahesabiwi. Mzee Guy, ambaye aliitwa kama shahidi, alisikiliza wote, akalitazama lori lake, akasema: "Kanuni inasema gari isibakie. Yake ilienda. Yangu iko na mayai." Germain aliandika uamuzi siku ileile.

Jina limekwisha kupanda. Limeunganishwa na Orpha, juu ya kufuli kama alivyotaka, kwa pusuari za zamani ambazo Papa Ruphin alizikusanya kwenye debe tangu 1988 bila kumwambia mtu ni za nini. Herufi ya mwisho imepinda kidogo. Orpha anasema ni mlango uliopinda.

Kwa niaba ya Garage Tujikaze tunamshukuru Papa Ruphin kwa motere zote zilizonyamaza mkononi mwake, kwa makofi aliyotupiga kwa haki, na kwa ile siku ya Jumatano. Tunamshukuru Mama Mwadi kwa godoro. Tunamwombea mstaafu wetu usingizi mrefu, meno mapya, na mke anayeendelea kugeuka mgongo kwa upole. Turnevisi inabaki ukutani, na Orpha ndiye atakayeishika, kwa sikio, kama Wakristo wengine.

Mwisho, tangazo kwa wageni wote. Baada ya hotuba ya chef, ambayo itakuwa ndefu na ambayo Papa Ruphin hataisikia, mwenye bahati, tafadhali msipige makofi. Ni kazi bure. Tutatoka wote mpaka mlangoni. Papa Ruphin ataweka mikono miwili juu ya jina lake, na kila mtu atapita na kuupiga mlango kwa kiganja, kwa ngumi, kwa kiatu, kwa chochote alichonacho. Pigeni kwa nguvu. Yeye anahesabu, na akigeuka atamtaja kwa jina yule ambaye hakupiga.